Kusuka Mistari kwa Anayeanza: Jinsi ya Kukiteremsha Unachokiona Kifike Vidoleni

Kwa miaka 6 benchi la kibanda cha ususi lilikuwa kama kiti changu cha nyumbani. Kila baada ya wiki 2 nampeleka binti yangu, anakaa chini kati ya magoti ya msusi, mimi nasubiri, nalipa, tunaondoka. Ukijumlisha, nimetazama watu wakisuka kwa mamia ya saa. Basi Jumapili moja msusi wetu alikuwa amesafiri kwenda msibani, na kesho yake ni shule. Nikajisemea, kazi gani hii ya kunishinda, nimeiona tangu mtoto hajaanza chekechea. Baada ya dakika 40 kichwani mwake kulikuwa na kitu kama kamba ya kufungia mbuzi, kimelegea mbele, kimekaza nyuma, na mwenye kichwa analia.

Msusi aliporudi alikitazama kichwa, kisha akanitazama mimi. "Shemeji, ulikuwa unasuka au unafunga mzigo?"

Ilinichukua kama miezi 3 kufika mahali ambapo binti yangu anaweza kwenda shuleni na mistari yangu bila kuvaa kofia. Mwongozo huu ni njia niliyopita baada ya kuacha kujidanganya. Unahusu mistari ya nywele zenyewe, bila rasta, inayotoka mbele kwenda kisogoni, ule msuko ambao Tanzania wanauita twende kilioni. Lakini anayejifunza kusuka ukili, kusukuma chapati ziwe duara au kushonea cherehani ya kukanyaga atakuta mengi yanamgusa, maana ugonjwa ni uleule: jicho linaelewa mapema, mkono unabaki nyuma.

Kabla ya yote: jicho lako linakudanganya

Mwaka 2018 watafiti wawili, Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha majaribio yaliyonifanya nicheke peke yangu, kwa sababu niliyemwona humo ni mimi pale kwenye benchi. Waliwaonyesha watu video ya mtu anayechomoa kitambaa cha meza kwa ghafla bila kuangusha vyombo vilivyo juu yake. Waliotazama mara 20 walijiona wanaweza kufanya hivyo zaidi ya waliotazama mara moja. Katika jaribio jingine watu walitazama video ya kurusha vishale, kisha wakapewa vishale wenyewe. Waliotazama mara nyingi walitabiri watafanya vizuri zaidi. Hawakufanya vizuri zaidi. Kilichopanda ni kujiamini tu.

Kuna kipande kimoja cha utafiti huo ambacho ndicho msingi wa mwongozo wangu wote. Watu waliotazama mtu akirusharusha na kudaka vitu vingi kwa zamu, kisha wakapewa vitu hivyo wavishike tu mkononi kwa muda mfupi, kujiamini kwao kulishuka. Kuvishika kuliwaonyesha uzito na umbo ambavyo video haikuwa imewaambia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni ya saa, si ya vidole: usitazame zaidi ya dakika 5 bila kushika kitu. Tazama kidogo, shika, kwama, rudi utazame pale ulipokwama. Safari ya pili macho yako yatakuwa na swali, na jicho lenye swali huona mambo ambayo jicho la benchini haliyaoni.

Unachohitaji

Kitana chenye mkia mrefu, chanuo la meno mapana, vibanio 4 au 5, mafuta kidogo, uzi wa sufi wa rangi 3, mpira wa miguu wa zamani, na mfuko wa wavu, ile mifuko ya kuwekea vitunguu. Mpira na mfuko wa vitunguu nitavieleza mbele, usivitupe.

Hatua ya 1: Jinsi ya kutazama

Kaa nyuma ya bega la msusi, si mbele yake. Hili nililikosea kwa miaka 6 yote. Benchi lilikuwa mkabala naye, kwa hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto, na kila nilichokiona kilihitaji kugeuzwa akilini kabla hakijafaa kitu. Ukisimama nyuma ya bega lake, mikono yake na yako inaelekea upande mmoja, na kazi ya kugeuza inaondoka. Ukitumia video ya simu, tafuta iliyopigwa kutoka juu ya bega. Jihadhari na zilizopigwa kwa kamera ya mbele, kwani baadhi hugeuza picha, kulia kukawa kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kushoto hiyo ni bahati, wengine itawapotosha.

Kisha gawa kutazama kwako. Mara ya kwanza usitafute kitu chochote, sikiliza mwendo tu. Kusuka kuna mapigo: kulia, kushoto, kulia, kushoto, na msusi mzuri habadilishi mapigo hata akiwa anasimulia habari za mtaa. Mara ya pili tazama kidole kimoja tu, kile kinachookota nywele. Mara ya tatu tazama mbali na vidole kabisa: viwiko viko wapi? Kichwa cha mtoto kinageuzwa lini, na kwa mkono upi? Mimi niligundua siku ya tatu kwamba msusi wetu hainuki wala hajipindi. Anapindisha kichwa cha mteja. Mimi nilikuwa nauzunguka mwili wa mtoto kama fundi anayetengeneza gari.

Usimuulize msusi anafanyaje. Ataanza kueleza, atakwama, atasema "unapitisha tu hivi," na mtaudhiana. Hakunyimi ujuzi, ujuzi wake haukai mahali maneno yanapokaa. Mfano maarufu kuliko yote wa jambo hili ni Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila mtu mwanzoni. Kwa siku 3 mkono wake uliendelea kuwa bora, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mkono una daftari lake.

Badala ya kuuliza, omba mambo mawili: apunguze mwendo kwenye mstari mmoja, na asimame akiwa katikati ya tendo ili uone kila fungu la nywele liko kati ya vidole gani. Piga picha hapo. Hiyo picha moja inashinda maelezo ya nusu saa.

Na kama una nywele, suka wewe mwenyewe kwa msusi huyohuyo. Ngozi ya kichwa chako itajifunza kitu ambacho jicho haliwezi kukipata, yaani anakaza kiasi gani. Mimi nina upara, nikamwomba asuke nyuzi zilizofungwa kwenye kidole changu. Watu kibandani walicheka mpaka wakachoka. Lakini nilijua pale pale kwamba nilikuwa nikimvuta binti yangu mara mbili ya inavyotakiwa.

Hatua ya 2: Nyuzi 3 kwenye mguu wa kiti

Funga nyuzi 3 za rangi tofauti, kila moja urefu wa mkono wako, kwenye mguu wa kiti. Tuseme nyekundu kushoto, nyeupe katikati, nyeusi kulia. Sasa fanya tendo moja tu: uzi wa kulia upite CHINI ya ule wa kati, uwe yeye ndiye wa kati. Kisha wa kushoto upite CHINI ya wa kati mpya. Rudia.

Neno "chini" ndilo msuko wenyewe. Ukipitisha juu, msuko unazama ndani, mstari unakaa kama mtaro. Ukipitisha chini, unainuka na kukaa juu ya kichwa kama tuta. Wengi wetu tulijifunza utotoni kusuka kamba kwa kupitisha juu, na mkono utakurudisha huko kila ukisahau. Ndiyo maana tunaanza na uzi: hapa kosa halina gharama, na rangi zinakuonyesha ni pigo la ngapi uliteleza.

Siku za mwanzo sema kwa sauti: "Kulia chini, kushoto chini." Utaona kama mchezo wa watoto, lakini sauti inashikilia mapigo wakati vidole havijayajua. Baada ya siku 2 au 3 utashangaa kwamba mdomo umenyamaza na mikono inaendelea. Jipime hivi: fumba macho, suka urefu wa kiganja, fumbua. Rangi zikifuatana bila kuruka, umevuka. Zikiruka, bado. Usiende kwenye kichwa cha mtu kabla ya hapo, kwa sababu kule kuna kuokota, kukaza na mtoto anayetaka kwenda kukojoa, na akili haitoshi kugawanywa mara nne.

Hatua ya 3: Mpira na mfuko wa vitunguu

Saluni kubwa zina vichwa vya mdoli vya kufundishia. Bei yake ilinifanya nifikiri upya. Vika mpira wa miguu ule mfuko wa wavu, uvute ubane, funga kwa nyuma. Kata vipande vya uzi vya kama sentimita 40, kunja kila kimoja katikati, ukipitishe kwenye tundu la wavu na kukifunga kama kishada. Jaza ukanda wenye upana wa vidole 2 na urefu kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Vishada 40 hivi vinatosha. Bana mpira kati ya magoti, mahali hasa atakapokaa mtoto.

Hapa unaongeza tendo la pili, kuokota. Chukua vishada 2 au 3 vya mwanzo wa ukanda, gawa mafungu 3, suka mapigo mawili bila kuongeza kitu. Kuanzia pigo la tatu, kila fungu linapopita chini kwenda katikati, liongezee kishada kimoja kutoka upande linakotokea. Kulia: okota, pitisha chini. Kushoto: okota, pitisha chini. Kiasi unachookota kiwe kilekile kila mara. Ukiokota kikubwa mara moja na kidogo mara ya pili, mstari unafanana na nyoka aliyemeza panya.

Kuna ubishi hapa kuhusu kidole. Msusi wetu anaokota kwa kidole cha shahada. Mwenzake wa kibanda cha jirani anaokota kwa kidole cha mwisho, na mistari yake ni mizuri vilevile. Nilipoteza wiki nzima nikijaribu kuviiga vidole vya msusi mmoja mmoja, mpaka mkono ukauma. Kwenye miaka ya 1920 mjini Moscow, Nikolai Bernstein alipiga picha za mfululizo za wafanyakazi wakigonga patasi kwa nyundo. Alikuta kwamba hata kwa fundi mzoefu njia ya mkono haifanani kabisa pigo moja na jingine, ila nyundo inatua palepale. Fundi harudii mwendo, anarudia matokeo. Kwa hiyo iga kile ambacho wasusi wote wanafanana (chini, karibu na ngozi, kiasi sawa) na uache vidole vyako vitafute njia yao. Vidole vyangu ni vinene. Naokota kwa shahada na kidole gumba kwa pamoja, na msusi wetu hadi leo hapendi kuangalia.

Jambo la pili ambalo mpira unafundisha vizuri ni kuukaribia uso wake. Ngumi zako ziguse wavu muda wote. Anayeanza huinua mikono juu ili aone vizuri, na kila sentimita unayoinua inageuka kuwa ulegevu ukishaachia. Vuta kuelekea unakokwenda, yaani kisogoni, huku mkono umelala. Usivute kuelekea dari.

Suka, fumua, suka tena. Nyuzi zikichakaa badilisha. Mpira haulii.

Hatua ya 4: Kichwa cha kweli, mistari 2 tu

Tafuta mtu mvumilivu mwenye nywele za urefu wa kidole au zaidi. Nywele fupi sana zinatoroka, na nywele laini zinazoteleza zinahitaji mkono uliokomaa. Nywele za kipilipili zilizooshwa, zikakauka, zikanyooshwa kidogo kwa kufungwa uzi usiku mmoja ndizo rafiki mkubwa wa anayeanza, kwa sababu zinashikana zenyewe.

Chambua kwanza. Anza kwenye ncha, panda taratibu kuelekea mizizi. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote yajikusanye chini na unakata nywele. Paka mafuta kidogo; mkono wenye mafuta mengi hauwezi kushika fungu.

Sasa pasua njia. Weka mkia wa kitana kwenye ukingo wa nywele za mbele, ugandamize kidogo, uvute mpaka kisogoni kwa mwendo mmoja bila kuinua. Ukisitasita katikati, njia inapinda, na njia iliyopinda haiwezi kuzaa mstari ulionyooka hata ufanye nini. Macho yako yaangalie unakofikia, si ncha ya kitana, kama mtu anayeendesha baiskeli. Njia ya pili iwe umbali wa vidole 2. Nywele zote zisizohusika zibanwe na vibanio. Unywele mmoja wa jirani ukiingia mstarini, mtoto atakujulisha.

Mwanzo wa mstari ndio sehemu ngumu kuliko yote na nitakaa hapa kidogo. Nywele za ukingoni ni nyembamba na fupi. Chukua kiasi kidogo sana, kama cha kubana kwa kidole gumba na shahada, gawa mafungu 3 yaliyo sawa. Fungu moja likiwa nene, msuko utapinda upande huo tangu sentimita ya kwanza. Suka mapigo 2 mepesi bila kukaza. Ukazaji unaanza baadaye, baada ya pigo la tatu, na hata hapo ni wa kushikilia, si wa kuvuta. Mimi nilikuwa nakaza sana mwanzoni kwa woga kwamba utafumuka. Ukifumuka, utaurudia, ngozi ikiumia hairudiwi.

Hapa sina mzaha. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi, au ngozi ya paji imevutika, au mtoto anasema hawezi kulala upande mmoja, fumua usiku huohuo, usingoje "itazoea." Kukatika kwa nywele za ukingoni kunakotokana na kuvutwa kulielezwa na madaktari tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza sana. Kukirudiwa kwa miaka, mizizi hufa na nywele hazioti tena. Muulize kila baada ya mapigo machache, "Inauma?" Na akisema ndiyo, mwamini.

Endelea mpaka kisogoni, inamisha kichwa chake mbele ukifika kwenye shingo, kwa sababu msuko uliosukwa shingo ikiwa imenyooka humvuta mtoto anapoinama kuandika. Nywele za kuokota zikiisha, endelea na msuko wa kawaida wa mafungu 3 mpaka mwisho, ufunge kwa uzi.

Mistari 2, kisha simama. Piga picha kutoka juu. Zinazobaki mpelekee msusi.

Kusoma makosa yako

Picha ile ndiyo mwalimu. Mstari uliozama kama mtaro: ulirudi kupitisha juu, tafuta sehemu ulipoanza. Mstari uliolegea na kuinuka kama daraja: mikono ilikuwa mbali na ngozi. Uliopinda: angalia njia kwanza kabla hujalaumu msuko, kisha angalia kama ulikuwa unaokota zaidi upande mmoja. Mstari mnene mbele na mwembamba nyuma: uliokota kwa pupa mwanzoni, nywele zikakuishia njiani.

Rekebisha kosa moja kwa siku. Nilipojaribu kurekebisha manne kwa pamoja, nilisuka vibaya kuliko wiki iliyopita, na hilo linakatisha tamaa kuliko kushindwa kwa mara ya kwanza.

Ukishajua unachorekebisha, elekeza macho kwenye mstari, usivitazame vidole. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba kwenye mashine inayoigiza mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu yao walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yenyewe. Binafsi nikisema moyoni "tuta linyooke mpaka kwenye shimo la shingo," vidole vinatii. Nikisema "shahada ipite hivi," vinagongana.

Mwombe msusi akukosoe baada ya mstari kuisha, si kila pigo. Akikuongoza pigo kwa pigo utasuka vizuri mbele yake, ukifika nyumbani hujui kitu. Na ukipata nafasi, kaa karibu na mwanafunzi mwingine anayekosolewa. Mistari ya bingwa haina makosa ya kukufundisha.

Ratiba

Dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Najua hamu ya kukaa Jumapili nzima uumalize. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walieleza walivyowafundisha wafanyakazi wa posta Uingereza kupiga taipu kwa makundi, wengine saa 1 kwa siku, wengine mpaka saa 4. Kundi la saa 1 lilihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kilekile. Ajabu ni kwamba ndilo kundi lililolalamika zaidi, kwa sababu likihesabu siku, lilijiona linachelewa. Nawe utajiona hivyohivyo.

Kwa jinsi nilivyokwenda mimi: wiki ya kwanza mguu wa kiti, ya pili na ya tatu mpira, kuanzia ya nne mistari 2 kwa wiki kwenye kichwa huku mpira ukiendelea siku nyingine. Kichwa kizima cha mistari 8 minene nilikifikia wiki ya tisa, kwa saa 3 na vipindi viwili vya katuni. Msusi hukimaliza kwa dakika 40.

Mstari ulionyooka ukishakaa, usiurudierudie peke yake. Changanya: mmoja wa moja kwa moja, mmoja unaopinda kuelekea sikioni, mmoja mwembamba, kisha rudi wa moja kwa moja. Siku hiyo utaona unaharibu zaidi. John Shea na Robyn Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba waliofanya mazoezi ya matendo matatu ya mkono kwa kuyachanganya walionekana wazito wakati wa mazoezi, lakini siku 10 baadaye walikumbuka vizuri kuliko waliomaliza moja ndipo waende jingine. Kichwa cha mtu kinachanganya vilevile: juu ni tambarare, kwenye sikio kinapinda, kisogoni kinateremka.

Kuhusu kasi, sina la kusema ila uiache. Sikuwahi kuifanyia mazoezi. Ilikuja yenyewe wiki ambayo niliacha kuangalia saa na kuanza kusikiliza redio huku nasuka.

Siku hizi baada ya kumaliza natuma picha kwa msusi kwenye WhatsApp. Hasifii. Jumapili iliyopita alijibu neno moja, "Kisogoni." Nikaikuza picha, nikaona mstari wa 5 na wa 6 umelegea pale shingo inapoanza. Nilikuwa sijainamisha kichwa. Mtoto alikuwa ameshalala, nikavifumua vipande hivyo taratibu na kuvisuka upya akiwa amelalia tumbo, taa ya simu ikiwa mdomoni.